Usimsahihishe kwanza, mhesabu: jinsi ya kufundisha na kutafiti tofauti za Kiswahili na wanachuo

Siku ya kwanza ya somo la isimujamii (lugha inavyotumika katika jamii) huwa nauliza darasa swali moja tu, nani hapa anaongea Kiswahili kibovu. Mikono inapanda karibu darasa zima, wanacheka, af nikiuliza kibovu kivipi hawataji sauti wala neno, wanataja watu: cha bara, cha kijijini kwetu, cha Wakenya, cha watoto wa mjini. Yani mtu ana hukumu tayari lakini ushahidi hana, na kazi yote ya muhula ni kumrudisha huyo mtu kwenye ushahidi.

Mwongozo huu ni wa walimu wa vyuo (vya ualimu na vyuo vikuu) wanaotaka wanachuo wao wafanye utafiti mdogo lakini wa kweli ndani ya muhula mmoja, na pia wa wanachuo ambao lekchara kawapa asaimenti ya "chunguza tofauti za lugha katika jamii yako" af kaondoka zake. Nimeifanya hii kazi mara kadhaa na nimeikosea mara nyingi, kwaiyo sehemu zingine nitakwambia tu usifanye nilichofanya mimi.

Hatua ya 1: Daftari la masikio

Wiki ya kwanza usifundishe nadharia yoyote. Mpe kila mwanachuo kazi ya kuandika vitu 10 alivyosikia vikisemwa tofauti na anavyosema yeye. Aandike neno au sentensi kama ilivyotoka mdomoni, alisikia wapi, msemaji ni wa umri gani kwa kukadiria, na walikua wanaongelea nini. Jina la mtu haandiki. Sheria ni moja, haruhusiwi kumsahihisha aliyesema, hata usoni asionyeshe.

Vinavyorudi ni vitamu sana. Mtanzania anakuja na habari kwamba mwenzake wa Kenya kasema "bibi yangu ana miaka 28" na yeye akashtuka, kumbe kule kwa wengi bibi ni mke na mzaa mama ni nyanya. Mkenya nae anashangaa mbona shuleni alifundishwa tarakilishi na huku kila mtu anasema kompyuta. Mwingine kaandika "anakujanga", mwingine "kitabu yangu", mwingine "luga", mwingine kaleta "xaxa" na "cjui" za kwenye meseji. Weka vyote ubaoni, halafu waambie wapange mafungu wenyewe, hizi ni tofauti za sauti, hizi za maneno, hizi za sarufi, hizi za maandishi tu. Watagombana kidogo na ugomvi wenyewe ndo somo, we kaa pembeni.

Hatua ya 2: Ramani

Gawa karatasi yenye ramani tupu ya Afrika Mashariki, mipaka ya nchi tu. Kila mtu azungushie mahali anapoamini watu wanaongea Kiswahili kizuri, na mahali anapoamini wanaongea kibaya, af aandike sababu kwa maneno yake. Mbinu hii ya ramani inahusishwa sana na mwanaisimu Dennis Preston, aliwachoresha Wamarekani ramani za Kiingereza chao, na kwetu inafanya kazi vizuri tu. Kwangu Zanzibar huwa inazungushiwa na karibu kila mtu, na ukiuliza umewahi kufika wengi hawajawahi.

Hapo sasa ndo unaleta historia, maana bila historia wanadhani usanifu ulishuka na mvua. Mwaka 1928 kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja (lahaja ya Zanzibar) kilichaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki yaliyokua chini ya Waingereza ili kusimamia vitabu na tahajia. Kimvita (lahaja ya Mombasa) kilikua na watetezi wake na kilikua na ushairi mzito kabla hata ya kamati hiyo kuwazwa, mshairi wake Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Kwaiyo macho, mchele na njoo vikaingia vitabuni, na mato, mtele na ndoo vikabaki lahaja. Kingechaguliwa Kimvita, leo mwalimu angekua anachora msitari mwekundu chini ya neno macho. (Na Mmombasa akikwambia "ndoo", usiende kuchota maji, anakuita.)

Usiishie kuwaambia kwamba usanifu hauna maana, sio kweli na hawatakuamini. Mtihani unataka sanifu, barua ya kazi inataka sanifu. Unachotaka waone ni kwamba ulichaguliwa na watu, kwa sababu zinazojulikana, mwaka unaojulikana.

Hatua ya 3: Tafuta sheria ndani ya "kosa"

Chukua "kitabu yangu" kutoka kwenye madaftari yao. Waambie wakusanye mifano mingine ya namna hiyo hiyo, watakuja na kiti yake, gari yako, vitabu zangu, viti zake. Sasa uliza, kuna mtu amesikia "vitabu yangu" kwa hao hao wasemaji? Mara nyingi darasa linanyamaza. Yani msemaji hajavuruga ngeli hovyo, ana mfumo mdogo zaidi, kimoja ni ya na vingi ni za, basi. Waachie kazi ya kutafuta wapi mfumo huo unavunjika, watu na wanyama je?

Na hapa kuna kitu nakipenda kuliko vyote. Wakishacheka "mtoto yangu", waulize wao wanasemaje kuhusu mama. Mama yangu. Rafiki? Rafiki yangu, rafiki zangu. Kumbe hata sanifu yenyewe ina binadamu wanaochukua yangu na zangu na hakuna anayecheka. Darasa linakua kimya kidogo hapo, uache huo ukimya.

Hatua ya 4: Chagueni kigeu kimoja

Kigeu ni kile kitu kimoja kinachoweza kusemwa kwa namna mbili au zaidi bila maana kubadilika. Wanachuo wanapenda mada kubwa, "athari za Sheng kwa vijana", "lahaja za pwani", na mada kubwa inazaa ripoti ya kunakili vitabu. Walazimishe wachague kitu kidogo kama kidole. Mifano inayofaa: dh inayosemwa z (nadhani na nazani), gh inayosemwa g (lugha na luga), th inayosemwa s (thelathini na selasini), r na l kubadilishana, -nga ya mwishoni mwa kitenzi (anakujanga), au "hii mtoto" dhidi ya "huyu mtoto".

Kabla ya kukubali kigeu cha kundi lolote, waambie warekodi mtu mmoja dakika 20 waone kinatokea mara ngapi. Mi niliruka hiki kipengele mwaka mmoja, kundi langu likachagua dh na likapanga kuwauliza watu habari za fedha ili neno fedha litoke, wakazunguka siku mbili na maswali mazuri kabisa, na kila aliyehojiwa kasema hela, pesa, mkwanja. Fedha haikutoka hata mara moja. Na ardhi nayo hivo hivo, watu wanasema shamba, wanasema kiwanja. Maneno yanayotoka yenyewe ni kama nadhani, baadhi, kadhaa, na hata hayo yanategemea na mtu, wapo wanaosema nahisi toka asubuhi mpaka jioni.

Lenga angalau nafasi 30 za kigeu chako kwa kila mhojiwa. Chini ya hapo asilimia zinayumba.

Hatua ya 5: Hesabu nafasi zote, sio zile zilizokukera

Hii hatua ndo utafiti wenyewe, zingine zote ni maandalizi, kwaiyo tukae hapa kidogo.

Mwanachuo akisikiliza rekodi anasikia "nazani" na anaandika. Akisikia "nadhani" hasikii kitu, kwa sababu masikio yake yamezoea kukamata makosa tu. Mwisho wa siku anakuja na orodha ya z 26 na anaandika "mhojiwa huyu anatumia sana z badala ya dh". Sana ni ngapi? Muulize, nafasi zote ambazo dh ingeweza kusemwa zilikua ngapi? Arudi kuhesabu. Tuseme zilikua 40, basi 26 kati ya 40 ni asilimia 65. Mhojiwa wa pili ana z 10 tu, ila nafasi zake zote zilikua 12, hiyo ni asilimia 83. Ukiangalia orodha ya makosa, wa kwanza ndo anaonekana kinara, ukiangalia hesabu ni wa pili (na huyo nafasi 12 ni chache, rudi ukamrekodi tena kabla hujamtangaza).

Vitu vya kuangalia wakati wa kuhesabu:

- Neno moja lisimeze hesabu. Mtu mwenye mazoea ya kusema nadhani kila sentensi atakupa nazani 20, na hapo unapima neno, hupimi sauti. Weka kikomo, neno moja lihesabiwe mara 5 tu kwa kila mtu, zinazozidi ziache.
- Usiposikia vizuri usibahatishe. Pikipiki ikipita, nafasi hiyo itoe kwenye hesabu na uandike kwamba umeitoa.
- Kuna wanaokwenda upande wa pili, wanasema dhawadi kwa zawadi na thamaki kwa samaki. Hawa usiwachanganye kwenye hesabu ya kawaida, wape safu yao. Ni watu waliochekwa zamani kwa kusema z, sasa wanaweka dh hata pasipostahili, na kwa mwalimu mtarajiwa hiyo data ni dhahabu kwa sababu inaonyesha kusahihisha kwa kukaripia kunazaa nini.
- Wawili wasikilize nafasi 50 zile zile kila mtu peke yake bila kuangaliziana, af walinganishe. Wakitofautiana sana basi tatizo ni masikio yao, sio wahojiwa.

Hesabu zote ziingie kwenye Excel, kila nafasi msitari wake: namba ya mhojiwa, neno, alichosema, sauti inayotangulia, sauti inayofuata, alikua anaongea au anasoma. Usikubali jedwali la majumla tu. Msitari kwa msitari ndo utaweza kurudi na kuuliza maswali ambayo hukuwaza mwanzoni.

Hatua ya 6: Zoezi la ghorofa

Kabla hawajaanza kurekodi wahojiwa wa utafiti wenyewe wapeleke kwenye zoezi la siku moja. Mwanaisimu William Labov mwaka 1962 aliingia maduka makubwa matatu ya New York, moja la matajiri, moja la kati, moja la bei rahisi, akawa anawauliza wafanyakazi bidhaa fulani iko wapi huku akijua jibu ni ghorofa ya nne, maana kwa Kiingereza jibu hilo ("fourth floor") lina r mbili ambazo wengine wanazitamka na wengine wanazimeza. Akipata jibu anajifanya hajasikia, mtu anarudia kwa uangalifu zaidi, af anajificha pembeni anaandika. Alipata watu 264 kwa njia hiyo, na r ilitamkwa zaidi kwenye duka la matajiri.

Neno letu la ghorofa lina gh mlangoni kabisa, ni kama limetengenezwa kwa ajili ya zoezi hili. Chagueni jengo refu la ofisi au la chuo, ulizeni chumba ambacho mnajua kiko juu. "Samahani, ofisi ya fulani iko wapi?" "Gorofa ya tatu." "Samahani sijasikia?" "Ghorofa ya tatu." Umepata matamshi mawili, la haraka na la kujirekebisha, kwa sekunde kumi. Andika g au gh kwa kila jibu, jinsia, umri wa kukadiria, mlinzi au karani au mhadhiri. Hakuna kurekodi, hakuna jina, na usimsumbue mtu mwenye foleni mbele yake.

Hatua ya 7: Ridhaa na vibali

Fupi lakini usiruke. Mlango wa kwanza ni kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chenu, wao ndo watasema kama kazi ya darasa inahitaji kitu zaidi. Kwa utafiti rasmi Tanzania kibali kinapitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), Kenya leseni inatoka NACOSTI (tume ya namna hiyo ya huko). Na sauti ya mtu ni taarifa binafsi, Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, kwaiyo mambo ya kurekodi mtu kwa siri af ukamwambia baadae hayapo. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha anayoielewa mhojiwa, iseme anaweza kujitoa wakati wowote, na kama hasomi asomewe. Meseji za grupu la WhatsApp nazo ni za watu, kuwemo kwenye grupu hakukupi ruhusa ya kuzipeleka kwenye ripoti.

Hatua ya 8: Kurekodi

Simu inatosha ila iwekwe kwenye WAV (sauti isiyobanwa) kama programu inaruhusu, iwekwe ndege mode, ilale juu ya kitambaa sio mezani moja kwa moja, na feni izimwe. Ukirekodi kwa MP3 iliyobanwa sana, th na s zinaanza kufanana na hapo kigeu chako kimekufa.

Shida kubwa ni mtu akijua anarekodiwa anaanza kuongea kama msoma taarifa ya habari. Labov alilieleza hili vizuri: tunataka kujua watu wanaongeaje wasipoangaliwa, na njia ya kujua ni kuwaangalia. Haliishi ila linapungua. Rekodi marafiki wawili au watatu pamoja badala ya mmoja, waongee wao kwa wao, we nyamaza. Uliza habari za michezo ya utotoni, ugomvi wa mabweni, siku waliyonusurika ajali. Dakika 10 za mwanzo usizihesabu. Baadae mpe asome kifungu kifupi, na mwisho orodha ya maneno moja moja. Ukiwa na hivyo vitatu, maongezi, kusoma na orodha, utaona dh inapanda kadiri mtu anavyojiangalia, na kupanda huko kunakwambia yeye mwenyewe anajua kipi kinaheshimiwa. Sio kwamba hajui, anachagua.

Jambo lingine, anayehoji naye anabadilisha lugha ya anayehojiwa. Mwanachuo aliyevaa shati la kuchomekea akienda stendi atapata Kiswahili cha shati la kuchomekea. Aende mtu wa pale pale.

Hatua ya 9: Kunukuu

Andika ulichosikia, sio unachojua kinatakiwa. Zima kirekebisha tahajia, maana kitakugeuzia nazani kuwa nadhani bila kukuuliza na data yako inakua sanifu kwa miujiza. Programu ya ELAN ni ya bure na inakuwezesha kubandika maandishi kwenye sauti yenyewe, Praat nayo ni ya bure kwa anayetaka kuona sauti kwa macho pale masikio yanapobishana. Saa moja ya maongezi inakula siku nzima na zaidi, kwaiyo kwa kazi ya darasa dakika 20 kwa mtu zinatosha kabisa.

Hatua ya 10: Pima na wanaosikiliza

Kama muda upo, pima mtazamo. Mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake kule Montreal walichapisha mwaka 1960 mbinu ya kumrekodi mtu mmoja anayejua lugha mbili akisoma ujumbe ule ule kwa zote mbili, wasikilizaji wanadhani ni watu tofauti na wanatoa alama: ana akili, anaaminika, ni mkarimu. Tafuta mtu anayemudu lafudhi mbili kwa asili yake (sio mchekeshaji anayeigiza, hapo utapima uigizaji), fanyeni hivyo hivyo. Changanya na sauti za watu wengine ili wasishtukie. Ukimaliza lazima uwaambie walichofanyiwa, af waangalie alama walizotoa wenyewe kwa mtu yule yule mmoja. Usifundishe kitu kingine siku hiyo.

Hatua ya 11: Kwa wanaokwenda kufundisha

Walimu watarajiwa watakuuliza, sasa nisisahihishe? Sahihisha, ila kwa mpangilio. Wape insha halisi iliyofutwa jina, wagawe kila walichotaka kuzungushia mafungu matatu: kuteleza (mtoto kasahau herufi), kuandika anavyotamka (luga, selasini), na sarufi ya anavyoongea nyumbani (kitabu yangu). Kuteleza hakuhitaji somo. Fungu la pili linahitaji orodha ya maneno, sio karipio. La tatu ndo linahitaji kufundishwa kwa kulinganisha, upande huu tunavyosema nyumbani, upande huu tunavyoandika kwenye mtihani, na mtoto mwenyewe agundue tofauti iko wapi. Kalamu nyekundu kwenye kila "yangu" haimwambii sheria ni ipi, inamwambia tu kwamba amekosea mara 14.

Ripoti na maksi

Kurasa 6 hadi 8 zinatosha. Piga marufuku sentensi zinazoanza na kabila, "Wachaga husema", "Wasukuma hawawezi". Alihoji watu 8, aandike wahojiwa 6 kati ya 8 na aishie hapo. Nusu ya maksi weka kwenye jedwali la msitari kwa msitari, na ulikague kwa kuchagua nafasi tano bila mpangilio na kuzisikiliza mwenyewe, wakijua unafanya hivyo hawatungi. Anayesema "nilitegemea vijana wawe na z nyingi kuliko wazee na haikua hivyo" mpe maksi zake zote, huyo ndo kafanya utafiti.

Muhula ukiisha rekodi zote zirudi kwenye diski moja yenye nywila, kwenye simu zifutwe mbele yako. Na kila kundi lirudi kwa wahojiwa wake na karatasi moja ya kilichoonekana, kwa lugha ya kawaida. Mwaka jana mzee mmoja alisomewa kwamba kwenye maongezi alisema z karibu mara zote na kwenye orodha ya maneno akasema dh zote, akacheka, akasema "sasa nyie mlinipa karatasi, mlitaka niongee kama niko kijiweni?"